Kifua Kikuu Kisicho Kifuani

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo tumefundishwa tangu shule ya msingi, na kila inapotajwa lawama humwangukia mgonjwa: yeye ndiye aliyeficha, naye ndiye atakayeumbuliwa. Makala haya yanakusudia kuiuliza methali hiyo swali moja ambalo sidhani wahenga walilitarajia. Je, maradhi yakifichwa na jina lake lenyewe, ilhali mgonjwa hakuficha lolote, alaumiwe nani? Ninauliza hivyo kwa sababu ya ugonjwa ambao sisi wasemaji wa Kiswahili tunauita kifua kikuu, na kwa sababu ya mtu mmoja ambaye ugonjwa huo ulimkalia mgongoni karibu mwaka mzima huku kifua chake kikiwa kizima.

Mtu huyo ni mjomba wangu, ndugu ya mama. Alikuwa mkataji miwa katika mashamba yaliyo kati ya mji wa Kakamega na Mumias, kazi ambayo kila aliyewahi kuifanya anajua kwamba humla mtu mgongo kabla hajaula ujira wake. Maumivu yalipoanza katikati ya mgongo, hakuna aliyeshangaa. Alinunua vidonge vya kutuliza maumivu dukani. Yalipozidi, mzee mmoja wa jirani alimkanda kwa mafuta jioni baada ya jioni. Baadaye alipelekwa katika kliniki moja ya kibinafsi, akatibiwa malaria, kisha homa ya matumbo, kisha akaambiwa apumzike kwa kuwa mgongo wake umechoka. Alikonda. Usiku alitokwa na jasho hadi shuka ikalowa. Yeye na sisi sote tulisema ni miwa.

Katika miezi hiyohiyo mhudumu wa afya wa kujitolea alipita kijijini nyumba kwa nyumba akitafuta watu wenye kifua kikuu. Kwa mjomba pia alibisha hodi. Akauliza swali alilofunzwa kuuliza: je, kuna mtu humu anayekohoa kwa zaidi ya wiki mbili? Mkazamjomba akajibu kwamba hakuna. Alisema kweli tupu. Mhudumu akaandika alichoambiwa, akaaga, akaenda nyumba ya pili. Mjomba alikuwa amelala chumbani, hatua chache kutoka pale mlangoni, hawezi kujigeuza bila kusaidiwa.

Hadi anafikishwa hospitalini, miguu ilikuwa imekwisha kufa ganzi. Daktari aliyempokea alitazama picha ya eksirei, akaagiza vipimo vingine, na siku chache baadaye akatuita. Mzee, alisema, ana kifua kikuu cha uti wa mgongo. Nakumbuka kimya kilichofuata. Kisha mkazamjomba akatamka maneno ambayo ndiyo yaliyozaa makala haya: "Lakini daktari, huyu hakohoi. Kifua chake ni kizima, kinachomuuma ni mgongo." Daktari, ambaye naamini alikuwa amelisikia jibu hilo mara nyingi, akaanza kueleza upya kwa upole. Nilipomsikiliza nilitambua kwamba alikuwa bado hajaanza kuueleza ugonjwa. Alikuwa angali anahangaika na jina.

Tulitazame basi jina hilo kwa jicho la mwanaisimu. Kifua kikuu ni kirai nomino chenye neno kuu kifua na kivumishi kikuu. Katika mazungumzo ya kila siku kifua si sehemu ya mwili tu, bali pia ni ugonjwa wa sehemu hiyo: husemwa kwamba mtoto ana kifua, au kifua kimemshika, na kila msikilizaji hujua kwamba mtoto anakohoa au anahema kwa shida. Kivumishi kikuu huongeza uzito. Kwa hivyo msemaji wa kawaida asikiapo kifua kikuu hupata maana iliyo wazi kabisa, yaani ugonjwa wa kifua uliovishinda vifua vingine. Jina hilo halimdanganyi kuhusu hali iliyo ya kawaida zaidi, kwani kwa wagonjwa walio wengi viini hushambulia mapafu. Upungufu wake hudhihirika pale ugonjwa uleule unapohama.

Nao huhama. Mtu huvivuta viini kwa pumzi, vikaingia mapafuni. Lakini kutoka hapo vyaweza kuchukuliwa na damu au na majimaji ya matezi hadi karibu kila pembe ya mwili, vikajificha humo kwa miezi au miaka, na kuamka kinga ya mwili inapodhoofika. Ndiyo maana mtu mwenye virusi vya UKIMWI, na mtoto mdogo vilevile, huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa huu nje ya mapafu. Viini hivyo huvimbisha matezi ya shingo. Hujaza maji katika utando unaoyazunguka mapafu, na katika ule unaouzunguka moyo. Hula figo na matumbo. Huvamia utando wa ubongo, na hapo huua upesi au kumwacha mtoto na ulemavu wa maisha. Chanjo ya BCG anayodungwa mtoto mchanga nchini Kenya hutolewa hasa ili kumkinga na janga hilo. Huziba mirija ya uzazi, na mwanamke akakosa mtoto, akafukuzwa kwa mumewe kwa kosa la utasa, bila kukohoa hata siku moja. Shirika la Afya Duniani lilipohesabu wagonjwa wapya wapatao milioni 7.1 walioripotiwa ulimwenguni mwaka wa 2019, asilimia 16 kati yao walikuwa na ugonjwa huu nje ya mapafu. Ni takriban mgonjwa mmoja katika kila sita. Je, yupo mwanaisimu atakayeliita faafu jina linalomkosea mgonjwa mmoja katika kila sita?

Kuna njia nyingine ya ugonjwa huu ambayo haianzi kifuani kabisa. Ng'ombe nao huugua, na aina ya viini vyao huweza kumfikia mtu kwa maziwa mabichi; vikipitia njia hiyo hupenda kushambulia matezi ya shingo na matumbo. Kuchemsha maziwa hadi yafure huviua. Lakini ni mama gani atakayechemsha maziwa kwa kuogopa ugonjwa wa kifua?

Nisimame kidogo penye mifupa, kwa kuwa ndipo uliponishika mjadala huu. Mifupa na viungo hushambuliwa kwa wagonjwa wachache kuliko matezi, nayo karibu nusu ya visa vya mifupa huwa kwenye uti wa mgongo. Viini huanzia sehemu ya mbele ya pingili, huila polepole, huharibu kile kitulizo kilicho kati yake na pingili ya jirani, na kuivamia ya pili. Mbele pakishaliwa, mzigo wa mwili huzikunja pingili hizo kama kabari, na nyuma hutokeza nundu. Usaha hukusanyika bila joto wala wekundu wa jipu la kawaida, na pengine huteremka ndani kwa ndani hadi kutokea kinenani, mbali kabisa na palipoharibika, kiasi kwamba mgonjwa hudhani ana mtoki. Usaha huo na vipande vya mfupa vikiubana uti wenyewe wa neva, miguu hulegea. Yote hayo huchukua miezi. Haya ni maradhi yasiyo na haraka. Humpa mgonjwa na tabibu nafasi tele ya kuyagundua, lakini sisi hatukuitumia.

Kiswahili kina neno la kale kwa matokeo hayo: kibyongo. Sitaki kusema kwamba kila kibyongo ni mwathiriwa wa viini hivi, maana yapo mapindo ya mgongo ya kuzaliwa nayo na ya uzee. Hata hivyo, najiuliza ni watu wangapi katika hadithi zetu, wale waliochekwa na watoto na kuhusishwa na uchawi, ambao walikuwa wagonjwa tu waliopona bila dawa huku mifupa ikigandamana ilivyokunjika. Hata katika maiti zilizokaushwa za Misri ya kale wataalamu wameiona migongo ya namna hiyo.

Baadhi ya walimu wetu watasema kwamba nayakuza mambo, kwamba jina ni jina tu. Hoja yao naijua na naiheshimu. Watauliza: mbona pepopunda haujamfanya mtu yeyote atafute pepo wala punda? Mbona malaria, neno ambalo kwa asili yake ya Kiitalia lilimaanisha hewa mbaya, halituzuii kutumia chandarua dhidi ya mbu? Kwa mtazamo wangu, jibu limo katika tofauti ya jina lililokufa maana yake ya asili na jina ambalo maana hiyo ingali hai. Anayetamka pepopunda leo haoni punda, wala anayetamka malaria hanusi hewa. Lakini anayetamka kifua kikuu anakiona kifua, kwa sababu neno kifua lingali likifanya kazi yake ya kila siku mdomoni mwake. Jina bubu halina madhara. Jina linalosema ndilo linaloongoza miguu ya mgonjwa, likampeleka huku au kule.

Mfano wa jina lililoongoza miguu ya watu tunao hapa hapa Afrika Mashariki. Katika mwambao wa Tanzania, mtoto aliyepatwa na mtukutiko wa mwili kwa sababu ya malaria kali alisemwa kuwa ana degedege, na jina hilo lilifungamana na imani juu ya ndege na pepo. Watafiti waliofanya kazi wilayani Bagamoyo katika miaka ya 1990 waliona kwamba kwa wazazi wengi degedege na malaria yalikuwa maradhi mawili tofauti, na hivyo safari ya kwanza ya mtoto mwenye degedege mara nyingi ilikuwa kwa mganga. Wazazi hao hawakuwa wajinga. Walifuata lugha yao ilikowaelekeza, kama mkazamjomba alivyoifuata yake pale mlangoni.

Wala tusidhani kwamba ni Kiswahili pekee kilichoteleza. Huko Ulaya, kwa karne nyingi, aliyekonda na kutema damu alikuwa na jina lake, aliyevimba matezi ya shingo alikuwa na jina jingine, na mwenye nundu alikuwa na la tatu. Ugonjwa wa matezi uliitwa ugonjwa wa mfalme, kwa itikadi kwamba mguso wa mfalme wa Uingereza au wa Ufaransa huuponya. Samuel Johnson, ambaye alikuja kuwa mtunzi mashuhuri wa kamusi ya Kiingereza iliyotolewa mwaka wa 1755, aliugua matezi hayo utotoni, na mwaka wa 1712 alipelekwa London kuguswa na Malkia Anne. Makovu alibaki nayo shingoni hadi kufa kwake. (Wanaleksikografia wenzangu wana sababu yao ya kumkumbuka.) Mwaka wa 1779 Percivall Pott, daktari mpasuaji wa London, aliandika juu ya mgongo uliopinda na miguu iliyopooza, na hadi leo madaktari huutaja ugonjwa huo kwa jina lake, ingawa yeye mwenyewe hakujua viini vyovyote. René Laennec wa Ufaransa alifundisha mapema katika karne ya 19 kwamba hali hizo ni tawi la shina moja, lakini ubishi haukwisha. Ulikatika tarehe 24 Machi 1882 mjini Berlin, Robert Koch alipowaonyesha wenzake kiini chenyewe. Kufikia hapo Wazungu walikuwa wamekwisha kupata jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kivimbe kidogo. Kivimbe chaweza kuwa pafuni, mfupani au shingoni. Waliposhika jina lisilotaja kiungo, waliweza kuyaweka maradhi matatu chini ya paa moja. Sisi tulipoupokea ujuzi huo tuliutia katika jina lenye chumba kimoja.

Yapo matatizo mengine ambayo huja baada ya jina hilo. Daktari alisema uti wa mgongo. Katika Kiswahili chetu uti wa mgongo ni ule msururu wa pingili, na pia ni ile kamba ya neva ipitayo ndani yake. Zaidi ya hayo, homa ya uti wa mgongo ni jina la ugonjwa wa utando wa ubongo. Sasa mwanafunzi wa Kiswahili ajaribu kufasiri kifua kikuu cha uti wa mgongo. Je, ni cha pingili au ni cha utando wa ubongo? Viwili hivyo ni tofauti kama mchana na usiku: kimoja hutambaa kwa miezi, kingine chaweza kumuua mtoto katika wiki chache. Binamu yangu aliyekuwa kidato cha nne, msomi wa kwanza katika nyumba ile, aliposikia maneno ya daktari aliwaambia wadogo zake kwamba baba ana homa ya uti wa mgongo, na kwamba darasani walifunzwa kuwa ni ugonjwa wa mlipuko. Usiku huo watoto walihamishiwa kwa jirani.

Hapo ndipo jina lilipomdhuru mjomba mara ya pili. Kabla ya kupimwa lilimficha. Baada ya kupimwa lilimtenga. Kikombe chake kiliwekwa kando, na sahani yake ikaoshwa peke yake. Kifua kikuu, kila mtu anajua, huambukiza. Ukweli ni kwamba viini vilivyo ndani ya mfupa havina njia ya kutoka na kumfikia mtu mwingine kwa pumzi. Anayeambukiza ni yule mwenye viini katika mapafu au koo. Jamaa wa mgonjwa wa mfupa wanapaswa kupimwa, naam, kwa kuwa huenda mapafu yake nayo yameguswa na kwa kuwa huenda aliyemwambukiza yumo nyumbani humohumo. Lakini kikombe hakina hatia. Na kikombe, hata kwa mgonjwa wa mapafu, sicho kinachobeba viini hivyo, ni hewa. Maelezo hayo yalihitaji dakika tano za Kiswahili kizuri. Hatukuyapata, na sikumbuki kwamba mimi mwenyewe, niliyekuwa nikisomea shahada ya lugha hii, nilikuwa na msamiati wa kuyatoa.

Sitamlaumu yule mhudumu wa afya. Swali alilouliza ndilo linalotangulia karibu kila mahali. Hata upimaji mkubwa wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 na 2016, ambao uligundua kwamba kati ya kila watu wazima 100,000 kulikuwa na wagonjwa wapatao 558, ulitafuta kikohozi, ukapiga picha za kifua, ukapima makohozi. Ulikuwa upimaji wa mapafu. Ulifichua kwamba takriban wagonjwa wanne katika kila kumi nchini walikuwa hawajafikiwa na matibabu, jambo lililowashtua wengi, na bado haukukusudiwa kumhesabu mtu kama mjomba. Mpango wa serikali unaosimamia ugonjwa huu pia umeunganishwa kwa jina na ukoma na magonjwa ya mapafu. Kampeni ya "Mulika TB, Maliza TB" ilifanya kazi ya kusifika, lakini taa yake nayo imeelekezwa zaidi kwa anayekohoa. Kuna mantiki katika hayo, kwa sababu anayekohoa ndiye anayewaambukiza wengine, na mwenye fedha chache huzitumia penye hatari ya umma. Ninakubali. Ila mgonjwa wa mfupa hadai kuhesabiwa wa kwanza. Anadai kutajwa.

Nakubali pia kwamba jina pekee haliwezi kubeba lawama zote. Kumtambua mgonjwa wa mapafu ni rahisi kiasi: hutoa makohozi, na mashine ya GeneXpert hutoa jibu katika muda wa saa mbili hivi. Mgonjwa wa mfupa huhitaji picha za gharama, na mara nyingi huhitaji kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama au usaha kwa sindano kutoka ndani ya mwili, shughuli ambayo haifanyiki katika kila zahanati ya Shinyalu au Ikolomani. Dawa zenyewe hutolewa bure katika vituo vya umma, lakini safari, picha na vitanda si bure. Hata kipimo hicho cha nyama hakina jina linalokubalika. Wagonjwa husema wanaenda kukatwa, na wapo wanaotoroka kwa sababu ya kitenzi hicho. Halafu kuna kazi zenyewe. Mkataji miwa, mchimbaji dhahabu aliyeinama mgodini siku nzima huku vumbi likimdhoofisha mapafu, mama mbeba kuni: hao wote wana sababu tayari ya kuumwa mgongo, na tabibu mwenye foleni ndefu nje ya mlango ana sababu tayari ya kuwaamini. Lakini katika orodha hiyo ya mambo magumu, jina ni jambo lisilohitaji bajeti. Aidha, ni jambo ambalo hakuna idara nyingine iliyosomea isipokuwa yetu.

Tufanye nini basi? Wapo watakaopendekeza tuunde istilahi mpya. Tuna jadi ya kazi hiyo. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990, na baadaye Kamusi ya Tiba. Vitabu hivyo ni hazina, nami ningependa kuviona mikononi mwa wauguzi wengi kuliko rafu za maktaba. Hata hivyo, sidhani kwamba tunahitaji neno jipya. Neno lipo, na watu wanalo. Nenda katika kituo cha magari cha Kakamega, au sokoni, au kliniki yenyewe, usikilize. Watu husema tibii. Husema ana tibii, alipona tibii, dawa za tibii. Sisi ndio tunaoona haya kuliandika kwa sababu limetokana na herufi mbili za Kiingereza, na mwanafunzi akilitumia katika insha tunamchorea mstari mwekundu. Ilhali redio, shati na daktari tumeyavisha viambishi vyetu na kuyasahau yalikotoka. Neno tibii lina sifa moja ambayo kifua kikuu hakina, nayo ni kwamba halina kiungo ndani yake. Tibii ya mapafu, tibii ya mifupa, tibii ya matezi, tibii ya utando wa ubongo: hakuna hata moja kati ya hizo inayojikanusha yenyewe. Kifua kikuu libaki, na libaki kwa fahari, kama jina la tibii ya mapafu. Na uti wa mgongo tuuache upumzike. Tuseme tibii ya pingili za mgongo.

Najua kwamba neno tibii nalo lina doa. Tangu miaka ya 1980 limetembea bega kwa bega na UKIMWI, na wapo wanaolisikia wakadhani wametangaziwa mawili kwa mpigo. Doa hilo halitafutwa na istilahi. Lakini UKIMWI wenyewe una funzo la upande wa pili. Ugonjwa huo ulipozuka, watu wa Kagera waliuita Juliana na Waganda wakauita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kukonda. Kila jina lilishika kisa au dalili moja. Jina lililotungwa kutokana na upungufu wa kinga mwilini liliacha dalili, likashika kiini cha jambo, na katika miaka michache lilikuwa mdomoni mwa mtoto na mzee kutoka Lamu hadi Bukavu. Kwa hivyo asitokee mtu wa kuniambia kwamba majina ya maradhi hayabadilishiki.

Mjomba alimeza dawa miezi kumi na miwili. Wagonjwa wa mapafu humeza miezi sita. Wa mifupa na wa utando wa ubongo huongezewa, kwa kuwa dawa huchelewa kufika huko na ulemavu huwahi. Siku ya tatu alipiga kelele kutoka chooni akidhani anakojoa damu, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba moja ya dawa hizo huugeuza mkojo kuwa mwekundu. Miguu ilirudi mwezi wa nne, wa kulia kwanza. Sasa anatembea kwa mkongojo, na nundu iko palepale. Mifupa iliyokunjika haikunjuki. Miwa haikati tena.

Likizo iliyopita nilikaa naye chini ya mwembe tukaandika upya maswali ya yule mhudumu, kwa Kiswahili ambacho mkazamjomba angekielewa pale mlangoni. Nayaweka hapa ili chama chetu kiyakosoe, na yakifaa, tuyapeleke katika ofisi ya afya ya kaunti. Je, nyumbani humu kuna mtu anayekohoa kwa zaidi ya wiki mbili? Je, kuna mtu ambaye mgongo, nyonga au goti limemuuma kwa wiki nyingi, na linamuuma hata akiwa amelala? Je, kuna mwenye uvimbe shingoni au kinenani ambao hauumi sana lakini hauishi? Je, kuna anayekonda, au anayelowesha shuka kwa jasho usiku, hata kama hakohoi? Je, mpo mnaokunywa maziwa bila kuyachemsha? Nilipomsomea, mjomba alinyamaza kidogo, kisha akaniambia niongeze jingine, kwa kuwa watoto hawajui kueleza maumivu. Nikaliandika kama alivyolisema: je, kuna mtoto ambaye siku hizi hachezi na wenzake, na akitaka kuokota kitu huchutama badala ya kuinama?